Karani Akirudishwa Ofisini, Sisi Tunapata Nini?



Siku hizi kuna ugomvi mkubwa katika nchi za wenzetu juu ya mahali pa kufanyia kazi. Makarani, wahasibu na watu wa kompyuta, ambao tangu ugonjwa wa Korona wa mwaka 2020 walikuwa wakifanya kazi nyumbani kwao, wanaamriwa warudi ofisini, wengine siku zote tano za juma. Wako waliokataa, wako waliogoma, na wako walioacha kazi. Nimewasikia wanachama wetu wakiuliza, "Hayo yatuhusu nini sisi?" Mkata miwa hawezi kukata miwa akiwa kitandani. Mchuma chai hachumi chai kwa simu. Na yule anayesimamia mashine ya kusokota nyuzi, hata apewe kompyuta kumi, mashine haihami kwenda kwake.

Swali hilo ni la haki. Nami najibu kwamba yatuhusu, kwa sababu jina letu linatumiwa katika ugomvi huo na sisi hatukuulizwa.

Mwaka 2022, mwezi wa Mei ukiisha, Elon Musk, mkubwa wa kampuni ya magari ya Tesla ya Marekani, aliwaandikia watu wake wa ofisini. Alisema kwamba anayetaka kufanya kazi nje ya ofisi ni lazima kwanza akae ofisini saa zisizopungua 40 kwa juma, la sivyo aondoke katika kampuni. Akaongeza kwamba saa hizo ni pungufu ya zile anazotaka kwa wafanyakazi wa kiwandani. Mwaka uliofuata, Mei 2023, alisema katika televisheni kwamba kufanya kazi nyumbani ni kosa la kimaadili. Wanaounda magari, wanaojenga nyumba na wanaopika chakula hawawezi kukaa nyumbani, basi kwa nini wa ofisini wakae?

Ni maneno matamu kwa mtu aliyetoka zamu ya usiku. Lakini kabla ya kupiga makofi tumtazame msemaji. Mwezi wa Mei 2020, wakati wakubwa wa afya wa wilaya ilipo Fremont, California, walikuwa bado hawajaondoa amri ya kufunga, bwana huyuhuyu alikifungua kiwanda chake na kuwaita wafanyakazi kazini. Na huko Sweden mafundi wa magari wa kampuni yake, wanachama wa chama cha IF Metall, waligoma kuanzia tarehe 27 Oktoba 2023. Dai lao ni moja, kampuni itie sahihi mkataba wa pamoja kama waajiri wengi wa nchi ile wafanyavyo. Miaka miwili baadaye, Oktoba 2025, mgomo ule ulikuwa bado haujaisha na sahihi haijatiwa.

Amazon nao walitangaza Septemba 2024 kwamba watu wa ofisini warudi siku zote tano kuanzia tarehe 2 Januari 2025. Kampuni hiyohiyo ina ghala lake kubwa huko Staten Island, New York, ambako wafanyakazi walipiga kura mwezi wa Machi 2022 wakachagua kuwa na chama. Mwaka 2025 ulipofika kampuni ilikuwa bado haijakaa nao mezani.

Basi huyo anayesema anawaonea huruma watu wa mashine, huruma yake iko wapi watu wa mashine wanapomletea karatasi ya kutia sahihi? Karani akilazimishwa kupanda basi alfajiri, mimi wa kiwandani siongezewi hata senti moja. Wala saa yangu ya chakula cha mchana hairefuki. Kinachoongezeka ni nguvu ya mwajiri juu yetu sote wawili, maana sasa karani akinung'unika anaonyeshwa mimi, na mimi nikinung'unika naonyeshwa karani.

Sisi wa Uganda tunalo la kusema juu ya mahali pa kazi, kwani tumelipitia kwa namna ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani hawakuipitia. Tarehe 30 Machi 2020 Rais Museveni alipotangaza kufungwa kwa nchi kwa siku 14, viwanda viliruhusiwa kuendelea kwa sharti moja, kwamba wenye viwanda wawaweke wafanyakazi wanaohitajika wakae na kulala hapohapo kiwandani. Asiyeweza kufanya hivyo afunge. Akina mama wauza vyakula nao waliambiwa walale masokoni, na watu wa Kampala waliwaona wakitundika vyandarua vyao juu ya meza za nyanya na ndizi. Siku 14 zilipokwisha zikaongezwa nyingine 21.

Tazameni jambo hilo vizuri. Katika majuma yaleyale ambayo makarani wa dunia walibeba kompyuta zao wakaenda kufanya kazi majumbani, mfanyakazi wa kiwanda wa Uganda alibeba godoro lake akaenda kulala kazini. Karani aliletewa kazi nyumbani, sisi tulihamishiwa nyumba kazini. Na hakuna aliyeuita huo ubishi wa mahali pa kazi. Hakuna gazeti lililoandika kurasa na kurasa kuuliza kama mfanyakazi wa sabuni anapendelea kulala karibu na pipa au mbali nalo.

Katika kiwanda kimoja nilichokuwa nikikitembelea, ambacho sitakitaja, wanaume walilala katika ghala la mifuko na wanawake katika chumba cha kulia. Wapo wanawake walioacha watoto wadogo kwa bibi zao. Mashine ikiharibika saa nane ya usiku fundi aliamshwa, akaitengeneza, akarudi kulala. Mwezi ulipokwisha wawakilishi wakauliza habari ya malipo ya saa za ziada. Jibu la ofisi likawa kwamba mtu aliyelala hafanyi kazi. Wakauliza tena, na yule aliyeamshwa je? Wakaambiwa kuwa alikuwa yupo tayari pale pale, hakusafiri. Hebu fikirini jibu hilo, ndugu zangu. Kutosafiri kwake ndiko kulikofanywa sababu ya kutomlipa, na wale wanaosafiri kila siku nao hawalipwi kwa kusafiri!

Watu wa mashambani hawatashangaa. Kwao hali hiyo haikungoja Korona. Mchuma chai anayekaa laini, mkata miwa anayekaa kambi, nyumba yake ni ya mwajiri. Kengele ya asubuhi inamkuta hapo hapo. Msimamizi anajua ni mlango upi haujafunguliwa. Mtoto akiugua, nyapara anajua kabla ya mjomba. Na siku mtu akiachishwa kazi anapoteza mshahara na paa kwa pamoja, anatafuta gari la kubebea vitanda kabla hajatafuta kazi nyingine. Kwa hiyo sisi ndio tunaoweza kumwambia karani jambo ambalo yeye halijui bado, kwamba nyumba na kazi zikichanganyika bila masharti yaliyoandikwa, kazi ndiyo inayoimeza nyumba.

Nasema haya kwa sababu sitaki mtu adhani kwamba natetea kufanya kazi nyumbani kama peponi. Karani anayefanyia kazi nyumbani anatumia umeme wake, chumba chake na kiti chake. Ananunua data kwa fedha yake. Mkubwa wake anampigia simu saa tatu ya usiku wakati anakula na watoto, maana kompyuta iko karibu. Ofisini kodi ya jengo, taa na meza alilipa mwajiri. Nyumbani gharama hizo zimehamia kwa mfanyakazi, nazo hazionekani katika hati ya mshahara. Hiyo si zawadi. Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva lilipitisha Mkataba namba 177 juu ya kazi za nyumbani mwaka 1996, miaka mingi kabla ya Korona, na wakati ule waliofikiriwa hasa walikuwa washonaji na wafumaji wanaolipwa kwa kipande nyumbani kwao. Mkataba unataka watu hao watendewe sawa na wafanyakazi wengine katika ujira, usalama na haki ya kujiunga na chama. Katika orodha ya nchi zilizouridhia, nchi zetu za Afrika Mashariki hazimo.

Wako viongozi wenzangu wanaoogopa kwamba watu wakitawanyika majumbani chama kitakufa, kwani hakuna geti la kusimama na kugawa karatasi. Hofu hiyo naielewa, geti nimelisimamia miaka mingi. Lakini huko Ahmedabad, India, tangu mwaka 1972 chama cha SEWA kimeandikisha wanawake wanaosokota sigara za bidi na kushona nguo vyumbani mwao, nyumba kwa nyumba, nao si wachache. Kazi yao ni ngumu kuliko yetu ya getini, lakini wameifanya.

Sasa niseme jambo ambalo makarani hawatalipenda. Wanachama wetu wana kinyongo cha haki na watu wa ofisini walio nyumbani, na kinyongo hicho hakitoki katika wivu. Mshahara ukija pungufu, zamani ulikwenda dirishani, ukamkuta karani wa mishahara, ukamwekea hati yako mbele yake akaitazama. Siku hizi mahali pengine dirisha limefungwa. Unaambiwa upige namba. Namba hailii, au inalia haipokelewi, au inapokelewa na mtu anayekwambia uandike barua pepe. Mtu wa kupalilia miwa aandike barua pepe wapi? Siku tatu za mshahara zinapotea kwa sababu hakuna uso wa kuuliza. Kwangu mimi karani yeyote ambaye kazi yake ni kuwahudumia wafanyakazi, wa mishahara, wa likizo, wa matibabu, ni lazima awe na siku zake za dirishani zilizobandikwa ukutani, na siku hizo zisigeuzwe. Anayepanga hesabu za mwaka peke yake, huyo na akae kwake kama amepatana na mwajiri. Sioni kwa nini niumie.

Lakini dirisha la mishahara silo linalowapeleka wakubwa wa Marekani kutoa amri hizi. Novemba 2024 Musk na mwenzake Vivek Ramaswamy waliandika katika gazeti la Wall Street Journal juu ya mipango yao ya kupunguza watumishi wa serikali. Walisema wazi kwamba kuwalazimisha watumishi waje ofisini siku tano kwa juma kutaleta wimbi la watu kuacha kazi kwa hiari, na kwamba wao wangelifurahia. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile alipoapishwa, Rais Trump akatia sahihi agizo la kuwarudisha watumishi hao ofisini. Anayeacha kazi mwenyewe hadai malipo ya kupunguzwa. Hakuna haja ya kumpa notisi, wala ya kumweleza chama sababu.

Mchezo huu sisi tunaufahamu kwa jina la uhamisho. Mtu amekuwa mkorofi, yaani ameuliza mambo. Hafukuzwi. Anapewa barua ya kwenda sehemu nyingine ya shamba, kilomita nyingi kutoka shule ya watoto wake na bustani ya mkewe. Anavumilia mwezi, anavumilia miwili, wa tatu anaandika mwenyewe barua ya kuacha. Faili linafungwa kwa usafi kabisa. Kwa hiyo mfanyakazi wa shamba akisoma kwamba karani wa Washington amepewa siku chache za kurudi ofisini baada ya miaka mitano, na kwamba amekwisha kuhamia mji mwingine, na aitambue barua ile. Ni ileile, imepigwa chapa kwa mashine nzuri zaidi.

Je, chama kinaweza kufanya nini? Hapa funzo zuri limetoka Kanada, na nataka wawakilishi wetu walisome polepole. Watumishi wa serikali ya nchi ile, zaidi ya 155,000 chini ya chama chao cha PSAC, waliweka zana chini tarehe 19 Aprili 2023. Walidai mshahara, maana bei zilikuwa zimepanda sana, na walidai pia kwamba habari ya kufanya kazi nyumbani iingizwe katika mkataba. Serikali ilikuwa imekwisha kuwaamuru warudi ofisini siku mbili au tatu kwa juma kufikia mwisho wa Machi. Mgomo ulidumu karibu majuma mawili. Nyongeza ya mshahara ilipatikana. Juu ya mahali pa kazi walipewa barua ya maelewano, kwamba kila ombi la mtumishi litazamwe peke yake, si kwa kundi, na kwamba jibu litolewe kwa maandishi. Barua hiyo iliwekwa nje ya mkataba wa pamoja.

Mwezi wa Mei 2024 serikali ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 9 Septemba mwaka huo watumishi wawe ofisini siku zisizopungua tatu. Chama kikalalamika kwa nguvu, na amri ikaanza kama ilivyopangwa. Ndugu zetu wale si wanyonge. Wana wanasheria, wana mfuko wa mgomo, wamesoma. Lakini lililokuwa ndani ya mkataba, yaani mshahara, lilisimama, na lililokuwa katika barua halikuweza kuizuia amri. Kila mmoja wenu amewahi kuona meneja akisema, "Hili tuandikiane barua tu, tusilichoshe na mambo ya mkataba." Mnajua sasa kwa nini anapenda barua.

Tuje kwetu. Tukiacha kompyuta kando, makarani wamegundua kitu kimoja katika miaka hii ambacho sisi hatujakidai kwa sauti. Wamegundua kwamba njia ya kwenda kazini ni sehemu ya kazi. Walipoacha kusafiri waliona saa zao zimerudi mfukoni, na nauli imerudi, na ndiyo maana wanapigania sana. Sisi njia hiyo tunaikanyaga kila siku bila kuihesabu.

Chukueni mtu anayefanya kazi katika viwanda vya Namanve na amepanga chumba mbali kwa sababu karibu na kiwanda chumba hakishikiki kwa mshahara wake. Akitumia saa moja na nusu kwenda na saa moja na nusu kurudi, ni saa tatu kwa siku. Kwa siku sita ni saa 18. Hizo ni zaidi ya siku mbili za kazi za saa nane, kila juma, ambazo mwajiri anazihitaji, maana bila yeye kufika mashine haizunguki, lakini hazilipi. Ama anapanda matatu na nauli inakula mshahara, ama anatembea na miguu inakula mwili. Nao wanawake wanaotoka zamu saa nne ya usiku wana hesabu nyingine ya njiani ambayo wanaume hawaifanyi.

Sheria yenyewe imekwisha kukubali nusu ya jambo hili. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya hapa Uganda inahesabu ajali iliyompata mfanyakazi akiwa safarini moja kwa moja kwenda au kutoka kazini kuwa ni ajali ya kazini. Ina maana gani? Nikivunjika mguu njiani nilikuwa kazini. Nikifika salama sikuwa kazini. Mimi nimeishia darasa la saba, lakini hata hapo naona hesabu haikubali.

Kwa hiyo madai yetu yasiwe kwamba karani ateseke kama sisi. Tudai gari la zamu, hasa la usiku, na pale ambapo hakuna gari tudai posho ya nauli inayopanda nauli inapopanda. Mtu anayeamriwa kulala kazini, kwa ugonjwa, mafuriko au sababu nyingine yoyote, alipwe kwa usiku huo, na anayeamshwa alipwe mara mbili. Wa mashambani wanaokaa nyumba za mwajiri wapewe miezi ya kutosha ya kuhama kazi inapokwisha. Uhamisho usifanyike mpaka mwakilishi ameitwa. Na makarani walio wanachama wetu, ambao ni wachache lakini wapo, waingize lao la siku za nyumbani na gharama za umeme katika meza ileile, siku ileile. Tukienda mezani pamoja meneja atakosa wa kumwonyesha mwenzake. Yote hayo yaandikwe ndani ya mkataba wa pamoja, si katika barua ya pembeni.

Najua swali litakalofuata. Katika nchi ambayo kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984, shilingi 6,000 kwa mwezi, na hakijabadilishwa kisheria tangu hapo, nani atatusikiliza habari ya nauli? Bunge lilipitisha muswada wa kima cha chini mwaka 2019, nao haukupata sahihi ya Rais. Ndiyo, mlima ni mkubwa. Lakini mkataba wa pamoja haungojei Bunge. Ni baina ya chama na mwajiri, kiwanda kwa kiwanda, shamba kwa shamba.

Matawi yatakayofungua mazungumzo ya mkataba yaanze na hesabu. Mwakilishi wa kila idara achukue daftari na kwa juma moja aandike kila mtu anatoka nyumbani saa ngapi, anafika saa ngapi, anarudi saa ngapi, amelipa nauli kiasi gani au ametembea. Wa mashambani waandike ni nani anaamshwa nje ya saa, mara ngapi, na kwa kazi gani. Majina si lazima, namba ya idara yatosha. Daftari lipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya kikao cha kwanza na menejimenti, na nakala ibaki kwa mwakilishi.